Shukrani za familia baada ya mazishi ya baba yetu, Kapteni mstaafu na Wakili

Sisi watoto na wajukuu, pamoja na mama yetu na ukoo mzima, tunatoa shukrani za dhati kwa wote mliosimama nasi kwa hali na mali tangu baba alipoanza kuugua hadi tulipomlaza nyumbani Kiziba, wilayani Missenyi. Kumtaja kila mmoja hatuwezi. Uliyekuja mwenyewe, uliyepiga simu, uliyetuma rambirambi, uliyetuombea ukiwa mbali: pokea maneno haya kama uliyeandikiwa peke yako.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Dar es Salaam, na vijana wa jumuiya waliokwenda kumtolea damu siku ileile walipoombwa. Kamati ya mazishi ilikesha na daftari la michango ili sisi wafiwa tusishike hesabu hata ya shilingi moja. Madereva walitufikisha Bukoba salama, na mwenye kuijua barabara ya Singida, Kahama na Biharamulo anajua uzito wa kuipita usiku mkiwa na msiba garini.

Kabla ya kufika nyumbani tulichepuka kwenda Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vya Kagera. Wengine mlishangaa, lakini baba aliacha ameagiza hivyo kwa maandishi. Kila mwaka, maadamu miguu inambeba, 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alikuwa Kaboya. Vita yenyewe hakupenda kuisimulia. Sisi tulijua machache: kwamba alikuwa jeshini majeshi ya Idi Amin yalipovamia Oktoba 1978, kwamba alilikuta daraja la Kyaka limevunjwa, kwamba alikuwa Masaka Februari 1979 na aliiona Kampala ikitwaliwa Aprili 11. Mengine tumeyapata msibani kutoka kwa wazee aliopigana nao, nasi tunawashukuru kwa kuja na kwa kutusimulia.

Mmoja wao ndiye aliyetuambia habari ya daftari. Baba aliandika kila mpiganaji wa kikosi chake aliyeanguka: jina, kijiji, jina la mzazi, ili asije akasahaulika wa kupelekewa taarifa. Tulilikuta kabatini mwake, daftari la kawaida la shule lenye jalada lililofifia, mwandiko umenyooka utadhani aliyaandika mezani na si porini. Pale Kaboya kaka yetu mkubwa aliyasoma majina yote kwa sauti, na wazee wakawa wanaitikia. Kwa saa ile tunawashukuru sana askari wa JWTZ waliotupokea na baadaye wakabeba jeneza lake hadi kaburini.

Mawakili mliokuja na majoho yenu, mlimpa heshima aliyoipenda. Baba alitoka jeshini akaenda kusoma sheria Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa mtu mzima mwenye watoto, kisha akarudi kufanya kazi Bukoba, ambako wengi walimshauri kwamba wakili hali akashiba. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ya wajane na mabinti waliokuwa wakinyang'anywa vibanja, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani. Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu Mwanza, aliamua shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililotoka huku kwetu, akasema ubaguzi huo haupatani na haki za binadamu zilizokwisha kuingizwa kwenye Katiba. Baba alikuwa na nakala ya hukumu ile iliyochakaa kwa kushikwa. Aliwasomea wanawake kwa Kiswahili na kwa Kihaya, polepole, hadi mhusika aweze kujieleza mwenyewe, maana mahakama za mwanzo wakati huo wakili hakuruhusiwa kuingia na mteja.

Wengi hawakuwa na fedha za kumlipa. Walileta ndizi, kahawa, wakati mwingine kuku, naye akawaandikia risiti: "Nimepokea mkungu mmoja wa ndizi, malipo kamili." Hakutaka mtu aondoke akidhani amesaidiwa bure. Akina mama waliokuja msibani na risiti hizo mikononi, mmetufundisha baba yetu alikuwa nani kuliko hotuba yoyote. Tunajua pia kwamba ndio haohao waliochota maji, wakamenya ndizi na kulala jikoni hadi siku ya kuanua matanga.

Shukrani ya pekee ni ya wazee wa ukoo. Wosia wa baba ulisomwa mbele yenu, na mliusikia: kibanja kimegawanywa sawa kwa watoto wote, wa kike na wa kiume, na dada zetu wana haki kamili juu ya sehemu zao. Jambo hili si dogo kwetu, na tunajua kuna waliokuwa na mawazo tofauti. Mlimsikiliza marehemu, mkaheshimu sahihi yake, mkatembea nasi kuonyesha mipaka na kupanda mirumula, miti ya kuonyesha mipaka. Alilolipigania mahakamani kwa ajili ya watoto wa wenzake limefanyika kwenye migomba yake mwenyewe, na ninyi ndio mliolifanya litimie kwa amani.

Tunamshukuru pia padri wa parokia yetu, wanakwaya, viongozi wa kijiji na majirani waliochimba kaburi mvua ikinyesha.

Mwisho, jambo la kazi. Baba alistaafu uwakili, lakini katika chumba chake zimebaki nyaraka za watu: mikataba ya mauziano ya vibanja, wosia uliofungwa kwa lakiri, nakala za hukumu. Hakuna uliofunguliwa. Tumekubaliana na mawakili wenzake kwamba kila kitu kikabidhiwe kwa mwenyewe au kwa warithi wake halali. Kama aliwahi kukutunzia hati, fika nyumbani Kiziba na kitambulisho chako na risiti aliyokuandikia. Aliyepoteza risiti aje na barua ya mtendaji wa kijiji chake. Anayemdai marehemu naye aje na maelezo yake, tutamsikiliza na kulipa.

Ni sisi,
Mama, watoto, wajukuu na ukoo