Barua ya wazi kwa NACADA: Mita 300 zinazokomea kwenye geti la chuo

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
NACADA (mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya), Nairobi.

Bwana,

KUH: BAA ZILIZO KARIBU NA VYUO VIKUU

Mimi ni msimamizi wa hosteli ya kukodisha nje ya chuo kikuu. Wanafunzi wakichelewa usiku, ni mimi ninayewafungulia lango. Baa ya karibu zaidi nimeipima kwa miguu: hatua 74 kutoka geti la chuo.

Majirani hudhani mwenye baa anavunja sheria. Havunji. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka baa iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka chekechea, shule ya msingi, ya upili, au taasisi nyingine ya wanafunzi walio chini ya miaka 18. Mtoto akifikisha 18 tu, mita zote zinafutika. Na huo ndio umri anaoniletea: juzi aliamshwa kwa kengele ya bweni, leo ana chumba, ufunguo na simu yenye hela.

Mkopo wa wanafunzi wa HELB ukiingia huwa sihitaji kuambiwa, nasikia kelele. Ila mimi huogopa zaidi wiki za ukata, kwa sababu hapo wanakunywa kwa deni na kitambulisho kinabaki kaunta kama rehani. Muhula uliopita kijana mmoja alikaribia kukosa mtihani kwa kuwa kitambulisho chake cha chuo kilikuwa kimeshikiliwa kwa shilingi 850. Nikalipa mimi. (Hajanirudishia, lakini hilo si la kukuandikia.)

Sera ya kitaifa ya pombe na dawa za kulevya iliyozinduliwa Julai 2025 inapendekeza umri wa kununua pombe upandishwe hadi miaka 21. Sipingi. Lakini kwa miaka yote niliyokaa hapa, sijaona mhudumu akiomba kitambulisho ila kwa ajili ya deni. Nani atakayeanza kuuliza? Mita ni rahisi: chifu atazipima mchana kweupe kwa kamba.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Sera hiyo ikiandikwa kuwa mswada, yale maneno ya "chini ya miaka 18" yaondolewe kwenye kifungu cha mita 300, ili chuo nacho kihesabiwe mahali pa masomo. Utaniambia leseni ni kazi ya kaunti. Ni kweli, lakini mswada wa kitaifa ukiandikwa, ninyi ndio mtakaoitwa kutoa maoni.

Namba yenu ya msaada, 1192, nimeibandika ndani ya mlango wa kila choo, kwa maana ubao wa matangazo hawausomi. Mwezi uliopita kijana aliipiga saa nane za usiku, akazungumza karibu nusu saa ameketi kwenye ngazi zangu. Nilimwachia taa. Kwa hilo, ahsante.

Wako,
Msimamizi wa hosteli