Nyumba tupu za Misri na wanaozikosa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, hupotoshwa kila sera ya makazi ya Misri inapozungumzwa. Habari nyingi tunazosoma kwa Kiswahili kuhusu nchi hiyo husifu minara ya Mji Mkuu Mpya wa Utawala, uliotangazwa mwezi Machi 2015, kisha hutuachia picha kwamba Misri imepata dawa ya msongamano wa Cairo, nayo ni kuwahamishia watu jangwani. Mimi ninaishi Giza, ng'ambo ya Mto Nile kutoka Cairo, na sioni hivyo. Misri haina uhaba wa nyumba. Nyumba zipo kwa mamilioni, ila nyingi zimejengwa mbali na riziki, au zinauzwa kwa bei na masharti yanayomshinda mtu wa kipato cha chini. Serikali nayo imeendelea kuongeza nyumba za aina hiyo hiyo, huku mitaa ambamo wananchi wengi wanaishi ikichukuliwa kuwa ni aibu ya kufutwa kwenye ramani.

Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu Wamisri milioni 94.8 waliokuwa ndani ya nchi, na sensa hiyo hiyo ikakuta zaidi ya nyumba milioni 12 ama ni tupu ama zimefungwa. Haiwezekani kusema kwamba nchi yenye hesabu ya namna hiyo inahitaji matofali tu. Nyumba hizo zimebaki tupu kwa sababu zinazoeleweka. Sarafu ya Misri imeporomoka mara kwa mara, na mwezi Machi 2024 ilipoachiwa ijipange sokoni, dola iliyokuwa ikiuzwa kwa takriban pauni 31 ilikaribia pauni 50 ndani ya siku moja. Mtu mwenye akiba kidogo, awe daktari mjini au fundi anayefanya kazi Ghuba, haoni mahali pengine pa kuificha akiba hiyo isipokuwa kwenye zege. Hununua nyumba, huifunga, humwekea mwanawe atakayeoa miaka kumi baadaye, na kodi ya majengo anayodaiwa si nzito kiasi cha kumsukuma aipangishe. Sina neno la kumlaumu mtu huyo. Neno langu ni kwa sera inayomwona yeye kuwa ndiye mteja wa kwanza wa nyumba mpya.

Sasa tutazame wale wengine wanaishi wapi. Mtaa kama Bulaq al-Dakrour, upande wa Giza, ulikuwa mashamba. Shamba la bonde la Nile ni ukanda mrefu na mwembamba unaopakana na mfereji wa kumwagilia maji. Feddan moja, yaani mita za mraba 4,200, hugawanywa katika kirati 24 za mita za mraba 175, na mkulima anapouza kidogo kidogo, kirati moja au nusu yake hugeuka kiwanja cha nyumba. Mfereji hufukiwa na kuwa barabara, na njia ya katikati ya mashamba huwa uchochoro wa mita mbili hadi nne. Ndiyo maana vichochoro vya mitaa hii vimenyooka na kwenda sambamba mwendo mrefu bila kukatizwa na njia panda, na ndiyo maana gari la zimamoto haliingii. Nyumba yenyewe ni fremu ya zege iliyozibwa kwa matofali mekundu yasiyopigwa lipu, na juu ya paa nondo huachwa zimechomoza, zikingoja ghorofa ya mtoto anayefuata. Fedha hutoka kwenye mchezo wa upatu, kwenye dhahabu ya mke, na kwa ndugu aliye Kuwait au Saudi Arabia. Ghorofa ya chini huwa duka, kinyozi, mpiga pasi au karakana ya seremala, kwa hiyo nyumba hiyo hiyo ndiyo inayomlisha aliyeijenga.

Wimbi kubwa la ujenzi huo lilianza katika miaka ya 1970, pale Rais Anwar Sadat alipoufungua uchumi kuanzia mwaka 1974 na mamilioni ya wanaume wakaenda kufanya kazi katika nchi za mafuta. Fedha walizotuma nyumbani zilikuwa nyingi, lakini viwanja vilivyopimwa ambavyo wangeweza kuvimudu vilikuwa adimu. Serikali ilijibu kwa katazo: Sheria namba 116 ya 1983 ilipiga marufuku kujenga juu ya ardhi ya kilimo na kuchota udongo wake wa juu kwa ajili ya matofali. Hapa lazima niwe mkweli, kwa kuwa hofu ya serikali haikuwa ya kubuni. Wamisri karibu wote wanaishi katika asilimia tano au sita ya eneo la nchi, kando ya mto na katika delta yake, na kila kirati inayomwagiwa zege haitaota ngano tena. Anayetetea makazi holela bila kulitaja jambo hilo hawatendei haki Wamisri.

Lakini katazo lisilo na njia mbadala huzaa rushwa na hatari. Baada ya mapinduzi ya Januari 2011, polisi walipotoweka mitaani, maghorofa kumi na zaidi yalichipuka pembezoni mwa Giza bila mhandisi kukagua msingi. Ukafanyika na mchezo wa kusikitisha: mjenzi tajiri huandikisha jengo kwa jina la mtu fukara aliyelipwa kidogo, ili kesi ikija ashtakiwe yule fukara, na mwenye faida asionekane. Kufikia hapo hatuzungumzii tena baba anayemjengea mwanawe ghorofa. Ni biashara, na sheria iliyokusudiwa kuibana imeishia kumbana mnunuzi wa mwisho, aliyetoa akiba yake yote na hana hati.

Serikali imejaribu kuwafuata watu hawa kwa njia tatu, na zote nadhani zimepungukiwa kwa sababu moja, kwamba zimetazama jengo na kuisahau safari ya kila siku ya mtu anayeishi ndani yake.

Njia ya kwanza ni miji mipya ya jangwani. Mji wa 10 Ramadhani ulianzishwa mwaka 1977, kilomita zipatazo 50 kutoka Cairo kwenye barabara ya Ismailia, ukikusudiwa kuchukua watu 500,000. Sensa ya mwaka 2006, karibu miaka thelathini baadaye, ilikuta watu takriban 124,000. Viwanda vilikuwepo na kazi zilikuwepo, lakini wafanyakazi wengi walipandishwa mabasi asubuhi kutoka mitaa yao ya zamani na kurudishwa jioni, maana mshahara wa kiwandani haukutosha kununua nyumba ya hapo hapo. Treni nyepesi ya umeme ilipoanza mwaka 2022 kutoka kituo cha Adly Mansour, jambo jema lilitendeka, ila lilitendeka miaka arobaini na mitano baada ya mji kuzaliwa. Usafiri ulipaswa kutangulia nyumba, au angalau kwenda nazo bega kwa bega.

Njia ya pili ni kuwahamisha watu. Tarehe 6 Septemba 2008 mwamba wa mlima Muqattam ulimeguka na kuporomokea nyumba za Duwaiqa, katika eneo la Manshiyat Naser, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Baada ya msiba huo serikali iliunda mfuko maalumu wa kuendeleza makazi holela, nao ulitenganisha maeneo yanayohatarisha maisha na yale ambayo hayakupangwa tu. Utenganisho huo ulikuwa wa busara kubwa. Mtu anayelala chini ya jabali lenye nyufa lazima aondolewe, na majengo ya Asmarat, yaliyofunguliwa mwaka 2016 juu ya Muqattam hiyo hiyo, yaliwapa wengi nyumba salama zenye maji na umeme. Hata hivyo walipewa kama wapangaji wa serikali, si wamiliki, na aliyekuwa na karakana chini ya chumba chake alijikuta ghorofani akilipa kodi ya kila mwezi bila karakana. Kisha utenganisho ule wa busara ukaanza kusahaulika. Pembetatu ya Maspero haikuwa chini ya jabali lolote. Ilikuwa katikati ya Cairo, kando ya Nile, kwenye ardhi ya thamani kubwa, na ilibomolewa mwaka 2018. Wakazi waliruhusiwa kuchagua kati ya fidia, kuhamia Asmarat, na kurudi baada ya ujenzi, na wengi walichukua fedha. Fidia ikishapita katika kupanda kwa bei wa miaka iliyofuata, mtu aliyeondoka katikati ya jiji hawezi tena kurudi.

Njia ya tatu ni mkopo wa nyumba. Kwa Sheria namba 33 ya 2014, kisha namba 93 ya 2018, Misri ilijenga mpango mkubwa wa makazi ya jamii, na mwaka 2021 ikatangaza mikopo ya riba ya asilimia 3 kwa muda unaofika miaka 30. Riba hiyo baadaye ilipandishwa. Naukubali mpango huu kuliko mingine, kwa sababu ruzuku humfuata mnunuzi mwenyewe na mapato yake hukaguliwa. Tatizo ni mlango wa kuingilia. Dereva wa bajaji, kibarua wa zege na muuza mboga hawana karatasi ya mshahara. Hulazimika kutafuta cheti cha mhasibu, kulipa kianzio, kisha kusubiri nyumba ambayo mara nyingi iko nje ya jiji. Mpango wa kununua pekee hauwezi kumfaa mtu ambaye kipato chake hupanda na kushuka kila juma. Huyo anahitaji nyumba ya kupanga, na nyumba za serikali za kupangisha zilizo karibu na kazi ni chache mno.

Hapo ndipo jambo linaloniumiza zaidi linapoingia. Tangu enzi za Gamal Abdel Nasser, sheria za zamani za upangaji ziligandisha kodi za nyumba, yaani zilizizuia zisipande, hata baadhi ya familia katikati ya Cairo zikawa zinalipa pauni chache kwa mwezi, na mkataba ukarithiwa na watoto. Wenye nyumba walidhulumiwa, hilo halina ubishi. Waliacha kutengeneza majengo, wakadai kilemba kikubwa, yaani malipo ya mara moja ya kuingilia nyumba, na hofu ya kumpata mpangaji asiyetoka ikaendelea kufunga nyumba hata baada ya Sheria namba 4 ya 1996 kuachia huru mikataba mipya. Mwezi Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Katiba iliamua kwamba kuigandisha kodi milele ni kinyume cha katiba. Bunge likapitisha Sheria namba 164 ya 2025, inayopandisha kodi mara moja, kisha kwa asilimia 15 kila mwaka, na kukatisha mikataba ya makazi baada ya miaka saba. Familia zinazoguswa zinakadiriwa kuwa milioni 1.6.

Kupandisha kodi kulikuwa haki. Kukatisha mkataba wa mjane wa miaka sabini ambaye maisha yake yote, daktari wake, msikiti au kanisa lake na jirani anayemletea mkate viko katika mtaa mmoja, ni jambo jingine. Sheria inasema wapangaji hawa watapewa kipaumbele katika nyumba za serikali, na jukwaa la kujiandikisha lilifunguliwa mwaka 2025. Nyumba hizo ni za wapi? Zikiwa ni zile zile za jangwani, basi Misri itakuwa imeongeza idadi ya wahamishwaji kwa mkono wa sheria, na ndani ya Cairo kutabaki nyumba zilizoachwa na wazee hao zikingoja mnunuzi wa kuzifunga.

Ningependa kuona mambo machache yakifanyika kabla ya mwezi Agosti 2032, ambapo miaka saba hiyo itakwisha. Nyumba zilizofungwa zitozwe kodi ya serikali inayopanda kila mwaka zinapobaki tupu, na mapato yake yaende kwenye nyumba za kupangisha ndani ya jiji, si kilomita 40 kutoka hapo. Mitaa ya matofali mekundu isiyo na hatari ipewe hati. Sheria namba 17 ya 2019 ya suluhu kuhusu majengo yaliyokiuka taratibu ilikuwa mwanzo, lakini ililipisha kati ya pauni 50 na 2,000 kwa kila mita ya mraba na wananchi wakaiona kama faini tu. Aliyelipa astahili kupata, pamoja na risiti yake, bomba la majitaka, taa ya barabarani na njia pana ya gari la wagonjwa.

Wakazi wa al-Mu'tamidiya, huko huko Giza, walipoona Barabara ya Mzunguko inapita juu ya mtaa wao bila kuwaachia njia ya kupandia, walichanga fedha zao baada ya mwaka 2011 na kujijengea njia hiyo wenyewe. Watu wenye uwezo wa kufanya hivyo wanastahili kuketi mezani mipango ya mtaa wao inapochorwa. Na kwa wapangaji wa zamani, wizara inayohusika ichapishe sasa, wilaya kwa wilaya, idadi ya nyumba itakazotoa na umbali wake kutoka mitaa wanayoishi leo, ili kila familia iwe na muda wa kuuliza, kulalamika na kujipanga.

Msomaji wenu,
Giza, Misri