Usichomoe diski kabla hatujaiangalia

Laptopu nyingi zinazoletwa dukani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, zina diski mbili: SSD ndogo (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 128 au 256 yenye Windows, na diski ya kuzunguka ya TB 1 yenye mafaili. Mwenyewe anataka SSD kubwa, ameshatazama video, anaomba bisibisi tu. Kufungua skrubu si kazi. Sisi tunauliza kwanza: diski hizo zinajitegemea, au zimefungwa nira moja?

Zikijitegemea, tunanakili SSD ya zamani yote kwenye mpya, tunabadilisha, na diski ya mafaili haiguswi. Zikiwa kwenye RAID 0, yaani zimeunganishwa zifanye kazi kama diski moja, kila faili kubwa limekatwa vipande, vingine huku vingine kule. Ukitoa moja, iliyobaki haisomeki. Zipo pia laptopu zenye kijikadi cha Intel Optane cha GB 16 au 32, kinachoipa kasi diski kubwa. Watu hukidharau, wanakichomoa, kumbe huenda kimeshika data ambayo haijafika kwenye diski. Kizimwe kwanza kwenye programu yake. Na ukiingia BIOS, yaani mipangilio ya laptopu kabla Windows haijawaka, usibadili namna ya kuendesha diski kutoka RAID kuwa AHCI (namna ya kawaida) kwa kubahatisha. Windows inaweza kugoma kuwaka.

Kinachotusumbua zaidi ni BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski isisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi huiwasha zenyewe, mwenye mali hana habari. Ukibadilisha vifaa, inadai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida uko kwenye akaunti ya Microsoft. Kama ulinunua laptopu iliyotumika, akaunti hiyo inaweza kuwa ya mtu usiyemjua kabisa. Kwa hiyo, wakati bado inawaka na unaingia vizuri, toa nakala ya ufunguo huo au zima BitLocker, usubiri imalize.

Hatugusi skrubu bila nakala rudufu kwenye diski ya nje. Tunaichomeka kwenye kompyuta nyingine, na wewe mwenyewe unafungua picha na hesabu zako uone kama zimo. Flashi za “TB 2” za bei ya chee hatuzipokei kwa kazi hii: nyingi hudanganya ukubwa wake, zinapokea mafaili kisha zinayapoteza.

Njoo na chaja, na utuambie mapema kama betri imekufa, maana umeme ukikatika katikati ya kunakili tunaanza upya. SSD ya zamani tunakurudishia ikiwa na kila kitu chake. Usiifute mpaka uizoee mpya.