Kitabu cha Krismasi huhesabiwa kwa jioni, si kwa kurasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongezee neno kwenye orodha za vitabu vya likizo zinazotolewa kila Desemba. Orodha hizo hutaja jina la kitabu, mwandishi na bei, basi. Hazisemi kitabu kimegawanywa vipi, na kwa hadithi za Krismasi na za majira ya baridi hilo ndilo swali la kwanza, maana nyingi zimekatwa vipande vinavyotosha jioni moja moja.

Chukua A Christmas Carol ya Charles Dickens. Ilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za mwanzo zikawa zimekwisha kufikia mkesha wa Krismasi. Ina sehemu tano, ambazo mwandishi aliziita beti, kama za wimbo. Basi anza tarehe 20, ubeti mmoja kila jioni, na mkesha utakukuta unamaliza. Maneno yake ni kama 28,000, yaani zaidi ya saa tatu ukisoma kwa sauti bila kukimbia. Ila beti zenyewe hazilingani. Wa tatu ni mrefu kuliko yote, unakaribia saa nzima, kwa hiyo siku hiyo anzeni kabla ya chakula cha usiku, la sivyo wadogo watasinzia. Wa tano ni dakika ishirini hivi. Katika ubeti wa nne mzuka anayemtokea Scrooge, tajiri bahili wa hadithi hii, hasemi neno hata moja, ananyoosha kidole tu. Hapo msomaji asiharakishe kuujaza ukimya, aache watu wangoje.

Kinachomkwamisha msikilizaji wa kwetu si theluji. Theluji ya Kilimanjaro wote tunaijua, walau kwa picha. Kinachomkwamisha ni vitu vya nyumbani. Scrooge anaweka ndoo ya makaa chumbani kwake ili karani wake asichukue hata kipande. Ukitamka “mkaa”, mtoto ataona gunia na jiko la ubwabwa. Haya ni makaa ya mawe, ya kupasha chumba joto. Usipoeleza hilo mapema, karani anayejifunga skafu na kujaribu kuota moto wa mshumaa atachekesha tu, na uchungu wake utapotea. Vivyo hivyo ndege: familia ya karani inakula bata bukini, na bata mzinga anakuja mwishoni, amenunuliwa na Scrooge. Wanaofupisha wakiwachanganya hao wawili, badiliko la tajiri yule halionekani mezani. Na pudingi yao inanukia kama siku ya kufua kwa sababu imechemshwa ndani ya kitambaa.

Kufupisha si dhambi. Dickens mwenyewe alipoisoma hadharani Birmingham, Desemba 1853, ilimchukua kama saa tatu, na baadaye akaipunguza. Ubaya ni kukata mahali pasipokatika. Malkia wa Theluji ya Hans Christian Andersen, ya mwaka 1844, ina hadithi saba ndani yake, na ya kwanza ni ya kioo cha shetani kilichovunjika vipande. Kipande kinamwingia mvulana Kai jichoni katika hadithi ya pili. Toleo la picha likiruka ya kwanza, Kai anageuka mkorofi bila sababu, na mtoto atauliza kwa nini. Lisilo na sehemu saba, lirudishe rafuni. Utakosa pia raha ndogondogo: watoto wanapasha sarafu za shaba kwenye jiko, wanazibandika kwenye kioo cha dirisha kilichoganda, wanapata tundu la kuchungulia. Au bibi wa kaskazini asiye na karatasi, anayeandika ujumbe juu ya samaki mkavu. Anayeupokea anausoma mara tatu hadi aushike kichwani, kisha samaki anaingia chunguni. Mla ng'onda yeyote wa pwani atamwelewa huyo mama.

Kuna kitabu cha Mnorwe Jostein Gaarder, cha 1992, chenye sura 24, moja kwa kila siku kuanzia tarehe 1 Desemba. Ukikinunua tarehe 15 umeshachelewa. Waiceland wao hupeana vitabu jioni ya tarehe 24 na kuanza kusoma usiku uleule. Desturi hiyo ilishika nguvu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, karatasi ilipokuwa rahisi kupatikana kuliko bidhaa nyingine za kuagiza nje. Ni nzuri, ila usiichanganye na hii ya beti tano: kitabu cha kuhesabia siku hadi mkesha hakifungwi zawadi ya kufunguliwa siku ya mkesha.

Dickens na tafsiri za zamani za Andersen zinapatikana bure kwenye intaneti, hakimiliki zake zilikwisha siku nyingi. Chapeni au pakueni mapema, maana umeme wa Desemba mnaujua.

Msomaji wako,
Morogoro