Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu: Fomu ina nafasi ya idara moja

Ndugu Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

YAH: KUFUNDISHA SAYANSI KWA PAMOJA MWAKA WA KWANZA WA SHAHADA

Pole na majukumu. Mimi ni mhadhiri wa kemia katika chuo kimoja cha kanda ya kaskazini, na mwaka huu natimiza miaka 17 darasani. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la chuo changu peke yake, na wanafunzi pamoja na wazazi wanaowalipia ada wana haki ya kulisikia.

Naomba nianzie maabara. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza sampuli za maji wapime floraidi, kemikali ya asili inayoyeyuka majini, kwa kifaa kiitwacho elektrodi. Binti mmoja alimaliza mapema. Kazi yake ilikuwa safi: grafu imenyooka, kipimo amekirudia mara tatu, jibu miligramu 6.2 kwa lita. Akalipigia mstari, akafunga daftari. Nikamuuliza, "Mtoto akiyanywa maji haya miaka kumi itakuwaje?" Akanyamaza. Nikamwambia nimeyachota mwenyewe kwenye bomba la kijiji kimoja chini ya Mlima Meru, nikakitaja kijiji. Akapeleka kiganja mdomoni.

Ni kwao. Meno yake ya mbele ni ya kahawia, na tangu wiki ya kwanza nilikuwa nimeona kwamba akicheka hufumba mdomo. Alikuwa amepima maji ya nyumbani kwao, akapata zaidi ya mara nne ya kiwango cha miligramu 1.5 kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na namba ile haikumgusa popote.

Ndugu Katibu Mtendaji, binti huyu si mzembe. Amesoma kombi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na kufaulu vizuri. Jino alifundishwa kwenye baiolojia, ayoni kwenye kemia. Volkano aliiacha kidato cha nne alipoachana na jiografia. Kila kipande anacho, ila hakuna mwalimu aliyewahi kumwekea vyote mezani siku moja. Chuoni nako tumeendeleza utaratibu ule ule: Jumatatu kwangu, Jumanne kwa wa baiolojia, Jumatano kwa wa fizikia, kila mmoja na madesa yake, na mitihani yetu haifahamiani.

Niruhusu nikueleze ndoo ile ya maji ina nini ndani. Meru ni volkano, na miamba ya eneo lile ina sodiamu nyingi. Maji yanayopita humo yanatoka na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwa ya kutosha, ingeshikana na floraidi na kuizamisha chini; inapopungua, floraidi inabaki imeyeyuka, inafika bombani, inafika kwenye kikombe. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka bado yamo ndani ya taya, yatatoka na mabaka. Akizidi kuyanywa miaka na miaka, mifupa nayo inaathirika. Jino na mfupa vimejengwa kwa apataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti, na floraidi huingia humo ikachukua nafasi ya sehemu yake moja iitwayo haidroksili.

Sasa tazama dawa yake. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji huko Arumeru, kimefanya kazi miaka mingi na mifupa ya ng'ombe: inachomwa kwenye tanuri, inasagwa, kisha maji yanapitishwa humo. Mfupa wa ng'ombe unaivuta floraidi kwa sababu ile ile inayoufanya mfupa wa binadamu uivute. Nimefundisha jambo hili mara nyingi, na bado kila mara mwanafunzi anapoliona mwenyewe, darasa zima linatulia.

Na hapo kazi ndiyo kwanza imeanza. Joto la tanuri likiwa dogo, maji yanatoka na harufu. Likizidi, mfupa unapoteza nguvu ya kuvuta. Hiyo ni fizikia. Kichujio cha ndoo moja kitachoka baada ya lita ngapi? Hiyo ni hesabu. Mama anayetia magadi kwenye makande yaive upesi huenda anarudisha floraidi chunguni baada ya kuitoa kwenye ndoo, maana magadi mengi ya huku yanayo. Na ipo familia itakayouliza, kwa haki kabisa, mifupa hiyo ni ya mnyama gani, kabla haijakubali kuyanywa maji yake. Swali hilo halijibiwi na elektrodi yangu.

Miaka miwili iliyopita, wenzangu wawili, mmoja wa baiolojia na mwingine wa jiolojia, tulikubaliana kufundisha haya pamoja kila Jumamosi asubuhi. Sote watatu tulikuwa mbele ya darasa kwa wakati mmoja, tukikatizana na kubishana, na wanafunzi wakaona kwamba mwenye jiolojia naye huuliza. Walianza 60. Mitihani ilipokaribia wakabaki 21, nami siwalaumu: kozi haikuwa na krediti hata moja, yaani haikuhesabiwa kwenye shahada, na hakuna mtu wa kumlipia mkopo wake mwanafunzi aliyepata sapu, mtihani wa marudio, kwa sababu Jumamosi alikuwa anachoma mifupa. Wale 21 ndio walionifanya niandike barua hii. Hesabu za umumunyifu wa kalsiamu floraidi, yaani kiasi chake kinachoweza kuyeyuka majini, ambazo kila mwaka zinaangusha watu, wao walizifuata wenyewe hadi kwenye vimbweta jioni, kwa kuwa walitaka kujua kwa nini chemchemi moja ni nzuri na ya jirani yake ni mbaya.

Tulipoomba kozi iwe rasmi, tulipewa fomu. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja: "Idara inayomiliki kozi." Tukaandika tatu, ikarudi. Tukaandika kemia peke yake, ikarudi na maswali: saa za wale wawili zitahesabiwa wapi? Nani atasaini mtihani? Mhadhiri ambaye saa zake hazihesabiki anaonekana kwenye tathmini ya mwaka kama mtu asiyefanya kazi, na mwenzangu wa jiolojia ana watoto watatu na anasubiri kupandishwa daraja. Aliacha, na nilimwelewa. Waliotuuliza hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na fomu.

Wapo wahadhiri ninaowaheshimu wanaohofia kwamba kuchanganya masomo kutatupa wahitimu wanaojua kidogo cha kila kitu. Hofu hiyo ina msingi pale kozi inapokuwa ya mihadhara ya juu juu kuhusu "sayansi na jamii", wanafunzi 300 ukumbini na slaidi. Sitetei kozi ya namna hiyo. Natetea tatizo moja, la mahali pamoja, linalochimbwa muhula mzima mpaka lidai kemia ya kweli na baiolojia ya kweli. Mwanza wachukue magugu maji ya Ziwa Victoria. Pwani wachukue visima vinavyoingiwa na maji ya chumvi.

Nina wasiwasi zaidi na wanafunzi wa shahada ya sayansi na elimu, kwa sababu wao ndio wanaorudi shuleni. Mmoja wao alirudi kutoka BTP, mazoezi ya kufundisha shuleni, akanisimulia kwamba mtoto wa kidato cha pili alimuuliza, "Mwalimu, kwa nini meno yetu yako hivi?" Yeye masomo yake ya kufundishia ni baiolojia na kemia, hayo hayo mawili, na alimjibu kwamba hilo halimo kwenye mtihani. Alinisimulia huku macho yake yako chini.

Nchi yetu inalijua jibu la namna hiyo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Baadaye, alipouliza darasani sekondari ya Mkwawa, mwalimu alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Mwaka 1969 makala aliyoandika na Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, ilichapishwa, na Mpemba wakati huo alikuwa anasomea wanyamapori katika chuo cha Mweka. Swali lake la fizikia alikwenda nalo huko huko.

Ninachoomba ni kidogo. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Tume itoe mwongozo unaoruhusu krediti 12 kati ya hizo, mwaka wa kwanza, ziwe za kozi inayomilikiwa na idara mbili au tatu kwa pamoja, saa za kila mhadhiri zihesabiwe kikamilifu, na mtihani uwe mmoja wenye sahihi zote. Wakati wenyewe ni huu. Kupitia mradi wa HEET, yaani Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao Benki ya Dunia imeukopesha dola milioni 425, vyuo vya umma vinajenga maabara na kuhuisha mitaala. Mitaala ikishafungwa, kuifungua tena ni miaka.

Yule binti wa Meru sasa yuko mwaka wa pili. Alikwenda likizo na chupa 14, akachota maji kwenye kila bomba na chemchemi anayoijua kati ya kwao na kwa bibi yake, akaandika majina kwa kalamu ya wino. Zipo kwenye friji ya maabara yetu. Tutazipima Jumamosi ya kwanza ya muhula, saa 3 asubuhi, bila krediti, na tungefurahi sana kama Tume ingemtuma mtu akae nasi.

Naomba kuwasilisha.

Mhadhiri wa kemia,
Kanda ya Kaskazini.