Mheshimiwa Waziri wa Afya, haya ni maji au ni dawa?

YAH: MAJI YA ALKALI YANAYOUZWA KAMA TIBA

Mheshimiwa Waziri,

Shangazi yangu ana sukari na presha. Vidonge huviweka kwenye kopo la siagi juu ya kabati. Mwezi uliopita nilivikuta vyote, kama alivyopewa kliniki. Kumuuliza, akanionyesha dumu la lita 20 lenye lebo: "Siku hizi natumia haya, mwanangu. Yanasafisha damu."

Muuzaji aliwafuata kwenye kikao cha vikoba na kichupa cha matone. Alidondoshea maji ya bomba, yakawa kijani. Ya chupa ya dukani yakageuka njano, na ya kwake zambarau iliyokolea. Kina mama wakapiga makofi. Ile njano, wakaambiwa, ndiyo asidi inayoleta saratani, sukari na presha.

Aliporudi kuchukua hela zake nilikuwepo. Nikaomba tone moja. Nilikuwa nimekoroga kipande kidogo cha magadi, haya ya kulainishia maharage, kwenye glasi ya maji ya bomba. Zambarau iliyotoka iliishinda ya kwake. Akasema magadi ni "alkali ya jikoni". Basi sisi walaji wa makande tusingekuwa tunaumwa!

Matone yale yanapima pH tu, yaani kiwango cha asidi au alkali: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali. Tumboni kuna asidi kali, pH kama 1.5 hadi 3.5, na maji hayo yakifika huko ualkali wake umekwisha. Damu inakaa kati ya 7.35 na 7.45, na kazi ya kuishikilia hapo ni ya mapafu na figo. Wataalamu wako wanayajua haya kuliko mimi. Ila hakuna aliyekwenda kuyasema kwenye vikoba.

Nikimbana muuzaji, ananyooshea kidole alama ya ubora kwenye lebo. Alama ile inahusu viwango vya maji ya kunywa, haina habari na kutibu sukari. Tena tangu 2019 chakula na vinywaji vilihamia Shirika la Viwango (TBS), na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ikawa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba. Sasa maji yanayonadiwa kama dawa ni ya nani? Muuzaji anajua kuishi katikati hapo.

Na wasituambie "maji hayana madhara". Las Vegas, Marekani, mwishoni mwa 2020, watoto watano walilazwa ini likiwa limeshindwa kufanya kazi. Wote walikuwa wamekunywa maji ya alkali ya chupa yaliyoitwa Real Water. Mwaka uliofuata yakaondolewa sokoni.

Siombi yapigwe marufuku, mtu na hela yake. Naomba utamke hadharani ni taasisi ipi inasimamia maneno ya wauzaji hawa, kwenye lebo, kwenye WhatsApp na kwenye vikao. Anayedai yanatibu sukari apeleke ushahidi huko, au ayafute. Na wauguzi wa kliniki za sukari wawe wanauliza: "Mama, nyumbani unakunywa nini kingine?" Shangazi alipopimwa, sukari ilisoma 19, juu mno, na hakuna aliyemuuliza.

Amekubali kurudi kwenye vidonge. Anavimezea na maji yale yale.

Ni mimi, mtoto wa kaka yake,
Tabata, Dar es Salaam