"Futa tu" si jibu la benki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie barua pepe za kitapeli zinazotumwa kwa majina ya benki, na hasa namna benki zenyewe zinavyotupokea tunapokwenda kuzitolea taarifa.

Mwezi uliopita nilipata barua pepe yenye nembo ya benki inakopita pensheni yangu, ikidai kwamba akaunti yangu ingefungwa ndani ya saa 24 nisipohuisha taarifa zangu kupitia kiungo kilichowekwa chini. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha matangazo mengi ya benki hiyo, kwa hiyo wanaotufundisha kumtambua tapeli kwa makosa ya tahajia wamepitwa na wakati. Aliyeniokoa ni mjukuu wangu. Aliligusa jina la mtumaji, ikajitokeza anwani isiyohusiana kabisa na benki. Kisha akakishikilia kiungo bila kukibofya, tukaisoma anwani yake yote. Jina la benki lilikuwa limetangulizwa, lakini akanieleza kwamba mwenye tovuti hutambulika kwa maneno yaliyo kabla tu ya mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha miwili ya mwanzo (//), na kwamba kabla ya maneno hayo yeyote anaweza kuandika jina analolitaka. Hata ile alama ya kufuli niliyokuwa nikiiamini inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tapeli naye anaweza kuwa nayo.

Kesho yake nilikwenda tawini. Binti wa dawati la huduma kwa wateja aliitazama simu yangu, akanijibu kwa upole, "Mzee, futa tu." Sikumlaumu, kwa sababu ilikuwa dhahiri kwamba hakuwa na mahali pa kuipeleka. Lakini tukiifuta, tunafuta pia ushahidi, kwani ndani ya barua pepe halisi mna kumbukumbu za njia iliyopitia, ambazo picha ya kioo cha simu haizionyeshi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 tunayo, ila mpelelezi ataanzia wapi ikiwa kila mteja ameambiwa afute?

Siku chache baadaye benki hiyohiyo, safari hii yenyewe kweli, ilinitumia barua pepe ya kunitaka nibofye kiungo nihuishe taarifa zangu. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika.

Kwa ujumbe wa simu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imetupa namba 15040, ambako mtu hupeleka ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma. Naziomba benki nazo ziwe na anwani moja ya kupelekea barua pepe za namna hii, ichapishwe kwenye taarifa za akaunti na kubandikwa kwenye mashine za kutolea fedha, na mteja ajibiwe. Aidha, ziache kabisa kuweka viungo katika barua zake. Zituambie tufike tawini au tufungue programu ya benki wenyewe. Kwa yule ambaye tayari amebofya na kuandika nywila yake, benki ipokee simu usiku huohuo, kwa namba iliyo nyuma ya kadi, maana kufikia asubuhi akaunti inaweza kuwa tupu.

Ile barua pepe sijaifuta. Benki yangu ikiihitaji, itaikuta.

Mstaafu,
Morogoro